Huyu Si Mjomba Wangu

Tanga

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Nimeusoma muswada wa sehemu ya kwanza ya mchezo wako wa kuigiza, ule wa mji mdogo ambao viumbe kutoka anga za juu wanachukua nafasi ya wakazi wake mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa uliniomba nikujibu kwa maandishi ili uweze kurudia kusoma, nimekaa kuandika. Mazungumzo yako yana uhai, na mama muuza samaki ni mhusika ambaye watazamaji hawatamsahau. Lakini lipo jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote, nalo linamhusu yule anayeshukiwa, ambaye katika muswada wako hana hata ukurasa mmoja wa kusema.

Unajua kwamba hadithi nyingi za aina hii zinafuata nyayo za filamu ya Marekani ya mwaka 1956 iitwayo Invasion of the Body Snatchers, iliyoongozwa na Don Siegel. Daktari anarudi kutoka safari katika mji wa kubuni wa Santa Mira, jimbo la California, na kukuta watu wakilalamikia jambo lile lile: mtoto analia kwamba mama yake si mama yake, na mwanamke mzima mwenye akili timamu anasema kwamba mjomba wake Ira si mjomba wake. Itazame tena sehemu hiyo kwa utulivu. Mjomba yuko nje na mashine yake ya kukatia majani, ana sura ile ile, sauti ile ile na kumbukumbu zote, mpaka zile ndogo ndogo. Mwanamke yule amekwisha kuzungumza naye kuhusu mambo ya zamani na hakuna hata moja alilolisahau. Kilichopotea, anasema, ni hisia. Lile jicho la pekee ambalo mjomba alikuwa akimtazama nalo halipo tena.

Baadaye tunaoneshwa maganda makubwa yakipasuka na kutoa povu ndani ya kitalu cha kioo, na miili inayojifinyanga humo mpaka ifanane na wenye nyumba. Anayelala, anayeamka ni mwingine. Kisha inakuja asubuhi ile ambapo malori yanafika katikati ya mji na wakazi wanapokea maganda ya kupeleka miji ya jirani, bila kelele, kama wakulima wanaogawana mbegu za msimu. Wako walioona humo hofu ya ukomunisti, na wako walioona hofu ya msako ulioendeshwa huko Marekani dhidi ya wakomunisti enzi za Seneta Joseph McCarthy, na mabishano hayo sitayaingilia. Mimi nabaki na mjomba Ira, kwa sababu hakuna jibu ambalo mzee yule angeweza kulitoa likamwokoa. Akisahau jambo, ni mgeni. Akilikumbuka, ni mgeni aliyejifunza vizuri. Filamu inatuondolea mzigo huo kwa kuthibitisha kwamba mpwa wake alisema kweli, nasi tunatoka tukiamini kwamba moyo wa mtu anayependa haudanganyiki. Mchezo wako unafanya vivyo hivyo, nami nakusihi usifanye, kwa sababu kauli ya "huyu si yeye" imekwisha kutolewa na watu wa kweli juu ya watu wa kweli, na wapo waliouawa kwayo.

Chukua habari za Bridget Cleary. Alikuwa mshonaji wa nguo, mwenye cherehani yake, akiishi Ballyvadlea katika wilaya ya Tipperary huko Ireland, na mumewe Michael alikuwa fundi wa mapipa. Mwezi Machi mwaka 1895 aliugua, akalala kitandani kwa homa na maumivu ya kichwa. Daktari alifika, padri naye alifika. Wakati huo huo mume akaanza kushikilia kwamba yule aliyelala pale si mke wake, bali ni kiumbe kilichoachwa na wale wa vilimani, ambao sisi tungewaita majini, na kwamba Bridget halisi wamemchukua. Wanaume wa ukoo walimshika, akanyweshwa kwa nguvu dawa za miti shamba zilizochemshwa katika maziwa, akasogezwa kwenye moto wa jikoni, huku akiulizwa tena na tena, kwa jina la Mungu, kama yeye ndiye Bridget, mke wa Michael Cleary. Baba yake mzazi alikuwemo ndani ya nyumba hiyo. Alijibu kwamba ndiye. Aliyeuliza alikuwa amekwisha kuamua, na usiku wa tarehe 15 Machi akamwagiwa mafuta ya taa na kuungua hadi kufa. Baada ya hapo mume alikwenda kwenye boma la kale la pale jirani, akiamini kwamba mke wake wa kweli atapita amepanda farasi mweupe naye atamkomboa. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akatumikia kifungo cha miaka 15.

Sikuelezi haya ili uone kwamba watu wa Tipperary walikuwa wajinga. Ninachotaka ukione ni kwamba kila hatua waliyopiga ndani ya nyumba ile ni hatua ambayo mashujaa wa hadithi zetu huipiga na kupigiwa makofi: wanagundua, wanahoji, wanachoma.

Hata tiba inalijua jambo hili. Mwaka 1923 madaktari wawili wa Ufaransa, Joseph Capgras na Jean Reboul-Lachaux, waliandika kuhusu mwanamke waliyemwita Bibi M., aliyeshikilia kwamba mumewe na binti yake wamechukuliwa na kuwekewa watu waliofanana nao, na hao nao wakabadilishwa, mmoja baada ya mwingine. Hali hiyo leo inajulikana kwa jina la Capgras, na huwapata baadhi ya wenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, waliojeruhiwa ubongo, na wazee wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Maelezo ambayo wataalamu wengi huyatumia ni kwamba ubongo hupokea sura ya mtu wetu kwa njia mbili: moja hutuambia ni nani, na nyingine huamsha joto la kumzoea, ambalo linaweza kupimwa hata kwa unyevu mdogo wa ngozi. Njia ya pili ikikatika huku ya kwanza ikibaki nzima, mgonjwa anaona uso anaoujua vizuri lakini hauamshi kitu ndani yake, basi akili inatafuta sababu na kuipata: huyu ni mtu bandia. Mtafiti V. S. Ramachandran ameeleza habari za mtu aliyeumia katika ajali ya gari, ambaye akimwona mama yake alisema ni mwanamke mwingine, lakini mama huyo huyo akimpigia simu alimtambua mara moja.

Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yetu katika miaka yake ya mwisho. Mama mdogo akiita kutoka uani, bibi aliitika kwa furaha na kumtaja kwa jina. Mama mdogo akiingia chumbani na bakuli la uji, furaha ilizimika. Bibi aliisogeza chini ya mto ile ncha ya khanga aliyofungia hela zake, kisha akamwambia kwa adabu kwamba yeye ni binti mwema, ila angependa kujua mwanawe atarudi lini. Mama mdogo alikuwa akijibu kwamba atarudi jioni. Alijibu hivyo kila siku, akamlisha, akamwosha, na sikumsikia hata mara moja akibishana naye.

Huku kwetu nasi tunazo habari za msukule, kwamba aliyekufa hakufa, na kilichozikwa ni mgomba tu uliofanywa uonekane kama maiti, huku mwenyewe akitumikishwa usiku katika shamba la mtu. Ni imani inayozaliwa na uchungu wa mfiwa, naielewa, lakini haiishii kwenye uchungu, kwa maana mara tu ikisemwa huanza kutafutwa mwenye shamba.

Sasa turudi kwenye muswada. Mjomba wako wa mchezoni, fundi baiskeli, amefiwa na mke katika onesho la kwanza, na katika onesho la tatu mpwa wake anasema kwamba hamtambui kwa sababu hacheki tena wala hamwiti kwa jina la utani. Ndugu yangu, huyo ni mtu aliyefiwa! Mpe onesho lake mwenyewe, usiku, ndani ya karakana, akiwa peke yake na baiskeli isiyo na gurudumu, na umwache azungumze. Usitwambie kama ni yeye au siye. Kwenye ile filamu daktari na mpenzi wake wanapita mjini wakijifanya hawana hisia, mpaka mbwa anapokaribia kugongwa na lori, mwanamke anapiga ukelele, na papo hapo wanajulikana. Nawe mtengenezee fundi wako tukio la namna hiyo, lakini waliokusanyika wasilione, kwa kuwa wakati huo wanatazama mlango wa mtuhumiwa mwingine. Watazamaji peke yao ndio walione.

Kuhusu mwisho, usikubali kushinikizwa. Siegel alitaka filamu yake iishie na daktari akipiga kelele katikati ya barabara kuu bila kusikilizwa, lakini kampuni ikaongeza kipande cha hospitalini ili watazamaji watoke na matumaini. Kikundi chako nacho kitakuomba kipande kama hicho. Kama ni lazima kiwepo, basi afadhali awepo mtu mmoja wa mji ule anayemwendea fundi na kumkalia karibu, bila kumwuliza swali lolote la kumjaribu. Mama muuza samaki anafaa.

Nitumie sehemu ya pili hata kama haijapigwa chapa, nami nitaisoma usiku huo huo. Nisalimie wazee wote hapo nyumbani.

Wako akupendaye,
Ndugu yako wa Tanga