Ufukwe wa ziwa usizungushiwe kuta

Mhariri,

Nimesoma habari yenu inayosifu mitaa ya zamani ya kando ya ziwa kuwa inafaa kulea familia. Ni kweli, ila sisi wakazi tunaona ufukwe ukimegwa kidogo kidogo. Nyumba ikiuzwa, mmiliki mpya hujenga ukuta hadi majini, na watoto waliokuwa wakicheza pale sasa huendesha baiskeli barabarani, katikati ya magari.

Matete nayo hufyekwa ili ziwa lionekane vizuri. Hayo ndiyo huchuja udongo na mbolea inayosombwa na mvua, yakiisha, mwani hustawi na maji hugeuka kijani (mandhari gani hiyo?). Halmashauri ipime upya mipaka na kufungua walau njia moja ya umma kwa kila mtaa.

Mkazi wa kando ya ziwa