Asante, dada muuguzi

Mdogo wangu alianza kusikia sauti zisizokuwepo akiwa na miaka 19. Dawa zilimtuliza, kisha tukazikuta chini ya godoro, vidonge vya wiki mbili. Nyumbani tulijua kumgombeza tu, aibu yetu. Wewe ulivuta kiti ukamuuliza yeye, si sisi: "Zinakusumbua wapi?" Akasema miguu haitulii, hawezi kukaa hata amalize kula. Kumbe ni risperidoni, ile dawa yake ya kutuliza sauti! Ukamwita daktari, dozi ikapunguzwa. Ukamtegea kengele kwenye simu, saa mbili usiku, na kila Ijumaa ulimpigia: salamu kwanza, vidonge baadaye. Huu ni mwezi wa tano tangu hapo, hajaruka dozi. Wenye mgonjwa, muulizeni kabla ya kumfokea. Jina silitaji, ulikataa mwenyewe. Ahsante sana, dada.