Mpira wa Mzee

Leicester, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Uliposema, "Daktari kasema Mzee hawezi kupasuliwa tezi dume, basi tena," nikamkumbuka baba mkwe wangu. Sisi nasi tulikwama hapo hapo mwaka juzi.

Baba mkwe ana miaka 84, moyo dhaifu, na anameza dawa ya kuzuia damu kuganda. Tezi dume ilikua mpaka mkojo ukaziba. Saratani haikuwepo. Kabla ya hapo alipewa tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, ikamshusha presha. Akiamka usiku kwenda chooni anapepesuka, siku moja akaanguka. Mwisho akawekewa mpira wa kutolea mkojo. Ule mfuko ulimtia haya mpaka akaacha kwenda Ijumaa.

Siku moja daktari mmoja wa radiolojia akatuuliza: aliyekataa, alikataa nini hasa? Kumbe daktari wa usingizi alikataa nusukaputi. Ganzi hakuna aliyeikataa!

Basi wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa kinena, huku wakitazama kwa eksirei, wakamimina chembechembe za kuziba mishipa inayoilisha tezi. Tezi ikikosa damu hunywea polepole. Mwenyewe alikuwa macho, akiwapigisha soga, na jioni tukarudi naye nyumbani. Nisikudanganye lakini: siku za mwanzo alihisi kuungua sana njia ya mkojo, na mpira haukutoka siku ile. Baada ya wiki kadhaa wakajaribu kuutoa, ikashindikana. Mara ya pili akakojoa mwenyewe. Nilijifungia jikoni nikalia.

Si kila mzee anafaa. Mishipa ikikakamaa mrija haupiti, na ile dawa ya rangi wanayochoma ili mishipa ionekane kwenye eksirei inaweza kuzielemea figo. Kuna pia mvuke wa maji moto, wanaouita Rezum, na leza, ambayo hata wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda huweza kufanyiwa, ila hiyo yataka usingizi au sindano ya mgongo.

Kwa Mzee, anza na kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, ukubwa wa tezi kwenye ultrasaundi, na hili ambalo watu husahau: kibofu bado kina nguvu ya kusukuma? Kikishachoka, hata njia ifunguliwe, mkojo hautoki. Muhimbili wana tiba radiolojia, yaani matibabu ya mrija kama hayo. Waulize kama tezi dume wanaishughulikia. Na dawa ya damu asiiache hata siku moja bila daktari wake wa moyo kusema.

Halafu muulize Mzee mwenyewe, usimuulize kaka yako. Huenda akataka abaki na mpira, wampitishie tumboni chini ya kitovu. Wengi huona afadhali kuliko ule wa mbele.

Nipigie picha jibu la ultrasaundi, hata kama mwandiko hausomeki. Jumamosi sina zamu, nipigie baada ya Isha yenu.

Wako,
Mwanaidi