Barua kwa mwanangu alieko Wete, Pemba: mtoto aende skuli ya serikali

Assalaam alaykum mwanangu,

Vois zako zote nimezisikiliza, ile ya jana usiku nimeirudia maana ulikuwa unasema huku unatembea na upepo umejaa tele, lakini nimekufahamu. Wewe na mumeo mnataka bintiyo, huyu mjukuu wangu ninaekaa naye hapa Unguja, aende ile nasari ya kulipia yenye basi na sare ya tai, asomeshwe Kiingereza tokea siku ya mwanzo. Nimeona nikuandikie kabisa, kwa sababu kwenye simu wewe una zamu wodini na mie nikianza tu kusema mtoto keshainyang'anya. Kwa ufupi, mie nataka aanze maandalizi, yale madarasa ya kabla ya la kwanza, kwenye skuli yetu ya serikali hii ya hapa hapa, tunaenda kwa miguu, na nakuomba unisome mpaka mwisho ndo uniambie hapana.

Kwanza nilikwenda mwenyewe kuangalia, sikutaka kuhadithiwa. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikakaa nyuma kwenye mkeka asubuhi nzima. Watoto ni wengi, hilo sikufichi. Lakini yule mwalimu wa maandalizi mwanangu, mashaallah! Kamwaga vifuniko vya soda katikati, kila kikundi na kifuu chake, akisema saba wanatia saba wanahesabu kwa sauti, halafu anawaambia toeni viwili, vimebaki vingapi? Kuna kitoto kimoja cha kiume kikatoa vitatu. Mwalimu hakumwambia umekosa wala hakumcheka, kamwambia tu hebu mhesabie mwenzio hivo ulivotoa, akahesabu, moja, mbili, tatu, akanyamaza, akakirudisha kimoja mwenyewe bila ya kuambiwa. Pale pale nikajua huyu mtu anaijua kazi yake.

Pembeni wana kona ya duka, maboksi matupu ya majani ya chai, makopo, pakti za sabuni, mmoja muuzaji na wengine wanunuzi na wanagombania chenji khasa. Upande mwengine udongo wa kufinyanga na makombe ya pwani ya kutunga kwenye uzi. Nikamuuliza, mwalimu, mbona madaftari siyaoni, hawa hawaandiki? Akanambia bi mkubwa, mtoto wa miaka minne vidole bado havina nguvu, akifinyanga, akichana karatasi, akitunga makombe, mkono ndo unajifunza kushika penseli, ukimlazimisha mapema anaishika kwa ngumi na tabia ile inamganda. Wewe muuguzi, haya ya misuli unayajua kuliko mie. Sasa angalia zile foto alizonitumia mumeo za hiyo nasari, vitoto vya miaka mitatu vimepangwa kwenye viti mistari mistari, daftari mbele, na jioni wanarudi na homuweki. Homuweki ya nini kwa mtoto bado anajikojolea akilala mchana?

Ya Kiingereza nayo nayajua, najua hofu yako iko wapi. Ile sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilisema hesabu na sayansi kuanzia darasa la tano zisomeshwe kwa Kiingereza, na hapa mtaani tumewaona watoto wakifika hapo wanakwama. Lakini mie nimewatazama wanaokwama ni wepi. Ni wale wamefika darasa la tano na Kiswahili chenyewe kukisoma bado wanabahatisha. Kiswahili kinasomwa kama kinavosemwa, mtoto akishazijua ba be bi bo bu zake vizuri haujapita muda anasoma mabango ya maduka njia nzima, na kusoma mtu hujifunza mara moja tu, akishajua anahamishia kwenye lugha nyengine. Ukimuanzishia kwa lugha ambayo nyumbani hakuna anaeisema, anajifunza sauti asizozijua maana, na kuuliza hawezi maana hata maneno ya kuulizia hana. Mtoto wa jirani anaimba nyimbo za Kiingereza vizuri kabisa, ukimuuliza umesema nini anakutazama tu. Bintiyo anauliza maswali tokea anaamka mpaka analala, sitaki aende mahali pa kumnyamazisha.

Na Kiingereza atasoma, hakuna aliesema asisome. Wewe ulianza skuli hii hii ya serikali kwa Kiswahili na leo unasoma ripoti za madaktari.

Bibi yako, Mungu amrehemu, skuli hakutiwa, alipelekwa chuoni, yaani madrasa, akahitimu Kuruani na barua zake za Kiswahili akiziandika kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri mno, lakini akienda ofisini na karatasi anatafuta mtu wa kumsomea. Tarehe 23 Septemba 1964, Mapinduzi hayajatimiza mwaka, Mzee Karume akatangaza elimu bure, na mie nimesoma kwa elimu hiyo hiyo na wewe pia. Lakini wakati wetu hiki kitu cha maandalizi serikalini hatukukijua, ilikuwa chuoni kisha moja kwa moja darasa la kwanza, asiejua kushika chaki shauri yake. Ndo mwaka 1990 ile Madrasa Resource Centre ilotokea Mombasa ikafika Unguja, wakawafunza wanawake wa mitaani na vijijini kusomesha watoto wadogo kwa vitu vya hapa hapa, vifuu, makombe, makuti, na hayo nilioyaona juzi kwa yule mwalimu nahisi asili yake ni huko. Sera ya 2006 ikaja kuyatia maandalizi miaka miwili kwenye elimu ya lazima, na msingi ikashuka kutoka miaka saba ikawa sita. Mdogo wako yeye alipita kituo cha TuTu, Tucheze Tujifunze, unakumbuka? Redio inauliza na watoto wote wanaijibu kwa kelele, ukipita nje unadhani kuna mtu ndani anabishana nao.

Kwa hivo ukiniambia skuli ya serikali haina kitu kwa watoto wadogo, nakwambia kipo, na watu wamekihangaikia miaka mingi.

Kasoro ni wingi wa watoto, na hilo nilikaa nikalifikiri sana. Mkoa wetu wa Mjini Magharibi sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678, ya 2022 ikahesabu 893,169, yaani karibu laki tatu wamezidi kwa miaka kumi, na wengi wao wako huku pembezoni, Fuoni, Kijitoupele, Tomondo, Mwanakwerekwe, palipokuwa na minazi sasa pana tofali. Madarasa yatatosha vipi? Zimejengwa skuli za ghorofa miaka hii ya karibuni na zimesaidia, lakini mikondo miwili, wengine asubuhi wengine mchana, bado ipo. Vyoo ndo kilichonitia wasiwasi zaidi, vitoto vya maandalizi wanatumia vyoo vya wakubwa, mlango mzito, kopo la maji liko juu. Nilimwambia mwalimu mkuu waziwazi, akakubali, akasema njoo kwenye mkutano wa wazazi uliseme huko. Nami ntakwenda na ntalisema, na kwenye kamati ya skuli nikitakiwa ntaingia. Maana hebu fikiri, sie wenye uwezo kidogo tukiwatoa watoto wetu wote tukawapeleka kwa kulipia, nani atabaki pale wa kuuliza habari ya choo? Watabaki wazazi ambao hata wakiuliza hawajibiwi.

Jengine ni chuo chake. Basi la nasari linamrudisha laasiri keshachoka hoi, na mie nimeshapatana na mwalimu wa chuoni aanze alif be te mwaka huu. Maandalizi anatoka kabla ya adhuhuri, anakula wali wake, analala kidogo, akiamka anaoga anavaa mtandio anaenda chuoni na wenzake wa mtaa huu huu. Hawa ndo watakaokuwa naye darasa la kwanza, wakimtazama na mie sipo. Na nyinyi watu wa afya mnapokuja na dawa za kichocho na minyoo mnakuja kwenye skuli hizi, kwa hivo wenzio wataniona foleni nimemshika mkono, usiwe na hofu.

Pesa mlizotenga za ada msizirudishe kwenye matumizi. Nusu nunulieni vitabu vya hadithi vya Kiswahili vyenye picha kubwa, kimoja kimoja, mie ntamsomea usiku hata kwa miwani hii. Nusu iwe nauli yako ya boti. Mtoto anakuulizia mwanangu, jana kampigia simu mtu wa wodi kwa remoti ya tivii akamwambia mruhusuni mama yangu aje. Ukiweza kupanga zamu zako ukaja wiki ya kufungua skuli, umpeleke wewe mwenyewe mpaka mlangoni, mie ntafuata nyuma.

Mumeo usibishane naye sana, mwambie mama anasema wajaribu mwaka mmoja huu, tukiona haendi mbele nasari haihami. Na akitaka kunipigia anipige baada ya isha.

Fomu nishaichukua. Wanataka cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, kadi ninayo hapa, cheti nadhani kiko kwako kwenye lile faili la buluu ulilochukua ulipohamia Wete. Mpe mjomba wako, anakuja Jumamosi, na umwambie asikitie kwenye mizigo, akishike mkononi. Kama hukioni nambie mapema nikafatilie chengine huku. Sare fundi keshampima, sketi kaiwachia pindo refu maana anarefuka kila siku. Viatu bado sijanunua, nakungojea uniambie unanunua wewe au mie.

Mama yako