Asante, dada muuguzi

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, na shukrani hizi nazitoa hadharani maana sina njia nyingine ya kukufikia.

Kaka yangu alikuwa amefungwa kamba mikononi tulipomleta zahanati. Watu walisogea mbali. Wewe ukaketi naye sakafuni, ukamuuliza kwanza kama amekula, kisha ukazifungua zile kamba mwenyewe, taratibu, huku ukizungumza naye yeye, si sisi. Kwa muda mrefu tulikuwa tukimzungumzia tu.

Ukatueleza kwamba sauti anazosikia ni dalili za ugonjwa wa akili unaotibika, na kwamba dawa isikatishwe ghafla hata akionekana amepona. Ulitutahadharisha kuwa haloperidoli, hiyo dawa yake, inaweza kukakamaza misuli. Ilipotokea, hatukutupa vidonge, tulirudi wakapunguza dozi. Neno hilo moja lilituokoa.

Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango, mhGAP, wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa kutibu magonjwa ya akili, kwa kuwa madaktari wa fani hii ni wachache mno katika nchi zinazoendelea. Zimbabwe nako, akina bibi waliofunzwa huwasikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki. Wanaopanga bajeti za afya wawape watu kama ninyi mafunzo, na dawa zisikosekane kabatini. Hilo naliomba kwa moyo wote.

Kaka amerudi kazini. Anakusalimu sana. Mungu akubariki, dada.