Mpango kabambe usiishie kwenye ramani ya rangi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie kazi ambayo kila mji uliokua pembezoni mwa jiji kubwa hauna budi kuifanya mara kwa mara: kuhuisha mpango kabambe, yaani mwongozo wa ardhi ipi itumike kwa nini katika miaka 20 ijayo. Wakazi huitwa ukumbini, ramani hutundikwa ukutani na kila mtu husogea kuutafuta mtaa wake. Kwa kawaida njano ni makazi, nyekundu ni biashara, zambarau viwanda, kijani bustani. Anayekuta kiwanja chake kimebaki njano hushusha pumzi akaenda zake, na hapo ndipo mjadala unapokufa kabla haujaanza.

Rangi peke yake haijengi kitu wala haizuii kitu. Kinachoamua ni kanuni zilizo nyuma yake: ghorofa ngapi, nyumba ikae mbali kiasi gani na barabara, kiwanja kisipungue ukubwa gani, maegesho mangapi. Madiwani wakipitisha mpango mpya na kuziacha kanuni za zamani zilivyo, mpango huo hauna meno. Mtu ataleta michoro inayofuata mpango neno kwa neno, halafu dirishani kwenye vibali aambiwe kanuni haziruhusu. Itabidi aombe kubadilishiwa matumizi ya kiwanja, na kila ombi litageuka ugomvi mpya na majirani, ilhali jambo lenyewe lilikwisha kuamuliwa ukumbini.

Chukua maegesho, maana hayo ndiyo yanayokula miji hii kimyakimya. Nafasi ya gari moja, ukihesabu na njia ya kuingilia na kugeuzia, huchukua takriban mita 30 za mraba. Duka la mita 100 za mraba likidaiwa nafasi nne, magari yatapewa ardhi kubwa kuliko duka lenyewe. Tazama eneo la maduka lililopitwa na wakati: safu mbili za magari karibu na mlango, kisha uwanja mtupu wa lami hadi barabarani, mistari imefifia, nyasi zinachomoza kwenye nyufa. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kuzama, yote hukimbilia mtaroni kwa pamoja na kuwafurikia walio bondeni. Ardhi hiyo ina barabara, ina umeme, ina bomba. Kwa nini mji uende kukata mashamba?

Kuijenga upya ardhi ya namna hiyo inawezekana. Lakewood, mji ulio magharibi mwa Denver, Marekani, ulikuwa na jengo kubwa la maduka la Villa Italia, lililofunguliwa mwaka 1966. Biashara ilipodorora lilibomolewa, na kuanzia mwaka 2004 mahali pale pamekuwa Belmar: mitaa ya kawaida yenye njia za miguu, maduka chini, makazi juu, na bustani ya umma katikati. Hakuna shamba lililokatwa.

Najua hofu ya wenye nyumba za kawaida, na siibezi. Mtu aliyejinyima miaka mingi akapata nyumba yenye ua ana haki ya kuuliza kama kesho atazibwa jua na ghorofa kumi. Jibu zuri ninalolijua liko Arlington, Virginia, jirani na Washington, mji mkuu wa Marekani. Metro, reli ya abiria ya eneo hilo, ilipopangwa, njia rahisi ilikuwa kuipitisha katikati ya barabara kuu. Viongozi wa Arlington wakashikilia ipite chini ya ardhi, kwenye ukanda wa maduka uliokuwa unachakaa, kutoka Rosslyn hadi Ballston. Treni zilifika Ballston mwaka 1979. Majengo marefu yaliruhusiwa karibu na vituo, urefu ukashuka kadiri unavyosogea mbali, hadi kufikia mitaa ya nyumba za kawaida, ambayo iliachwa kama ilivyo. Mkazi alijua mapema ghorofa zitaishia wapi. Ahadi ya namna hiyo, ikiwa ndani ya kanuni, inamlinda kuliko rangi ya njano ukutani.

Kuna na suala la majitaka, ambalo haliwavutii wapiga picha. Bomba lililolazwa kwa ajili ya nyumba mia halibebi fleti elfu. Mpango unaotaja idadi ya wakazi wapya bila kutaja bomba lipi litapanuliwa, lini na kwa fedha za nani, unawaachia bili wakazi wa baadaye.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani ni hili: msiupigie kura mpango wowote kabla rasimu ya kanuni mpya na ratiba ya miundombinu hazijawekwa mezani pamoja nao, siku ileile. Na wakazi wapewe hati zote tatu wiki kadhaa kabla ya mkutano, kwa lugha wanayoielewa, wazisome nyumbani kwa utulivu, waje ukumbini wakiwa na maswali.

Wako,
Msomaji