Mafundi acheni kututolea themostati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, nina jambo limenikaa rohoni tangu Desemba na kila nikipita barabara ya Morogoro nikaona gari imefunguliwa boneti pembeni, watu wamesimama wanaipepea na kipande cha boksi, linanirudia upya. Ni hii tabia ya mafundi wetu kututolea themostati kwenye magari, kile kidude kinachoongoza maji ya kupoza injini, halafu wanatuambia nchi yetu ni ya joto hiyo haina kazi. Nimeambiwa mimi, kaambiwa shemeji yangu, kaambiwa jirani yangu mwenye Passo, na naamini wapo wengi wanaosoma hapa wanaendesha gari isiyokuwa na hicho kitu na wala hawajui.

Gari yangu ni Noah old model, ile ambayo injini imekaa chini ya siti za mbele. Mwezi wa kumi mshale wa joto ulianza kupanda kidogo nikiwa kwenye foleni ya Kimara, nikaipeleka gereji, fundi akasubiri ipoe, akafungua funguo zake, akatoa kidude kidogo cha duara chenye springi akaniwekea kwenye kiganja, "mzee hiki ndo kinakusumbua", akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Rejeta, ile inayopoza maji ya injini, akaijaza kwa mpira wa pale pale gereji, maji ya kisima, na sote tunajua maji ya visima vingi vya Dar yalivyo na chumvi, ukichemshia chai mwezi mmoja birika linaota ukoko mweupe ndani. Mshale ukashuka kweli. Nikalipa na nikamshukuru na nikamwelekeza na mtu mwingine kwake, jambo linaloniuma mpaka leo.

Desemba tukasafiri kwenda Mbeya, watu saba ndani na mizigo juu. Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa kali, AC nimeifungulia mpaka mwisho kwa sababu watoto walikuwa wanalia, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori yanayotembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Waliopita pale wanajua, kona juu ya kona, huwezi kupita mtu, injini inavuta mzigo na upepo wa mbele hakuna. AC ikaanza kutoa upepo wa vuguvugu, nikasema gesi hiyo imeisha, nikaendelea. Mke wangu ndo aliyesema siti inamuunguza. Kuangalia mshale, uko juu kabisa.

Nikapata pa kuegesha, tukashusha watoto, tukaweka jiwe kwenye tairi, kuinua siti mvuke ukatoka kama jiko la mama ntilie. Nikachukua kitambaa nikashike kifuniko cha rejeta, dereva wa lori lililokuwa linapita akapiga kelele kutoka dirishani, "braza usiguse icho kifuniko, utababuka uso!" Sijui jina lake na sikupata hata nafasi ya kumwambia ahsante, ila uso ninao kwa sababu yake. Maji yale yako kwenye presha, yamezidi digrii 100 lakini hayajageuka mvuke kwa sababu kifuniko kimeyabana, ukifungua tu yote yanachemka kwa mara moja na yanakurukia. Tulikaa zaidi ya saa nzima. Yalipopoa nikafungua, maji yaliyobaki yalikuwa rangi ya chai ya rangi na yana mchanga mchanga ndani.

Tukavutwa mpaka Ilula, kesho yake Iringa, na hapo ndipo nilipokutana na kijana mmoja fundi ambaye kabla hajagusa spana aliniuliza swali moja tu, "themostati ya hii gari iko wapi?" Nikamwambia ilitolewa Dar. Akanyamaza, akafungua kifuniko cha oili akanionyesha, oili imekuwa kama chai ya maziwa, maana yake gasketi inayoziba chini ya hedi, yaani kichwa cha injini, imeungua na maji yameingia kwenye oili. Hedi ilipotoka akaweka rula ya chuma juu yake, akachukua kipande cha bati jembamba kama karatasi akakipitisha chini ya rula, kikapita katikati bila kugusa kitu. Hedi imepinda. Hapo sikuhitaji maelezo mengine.

Lakini alinieleza, na nataka kuyarudia maelezo yake hapa kwa sababu sijawahi kuyasikia gereji yoyote. Themostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka, yakifika kama digrii 82 nta iliyo ndani ya kile kidude inayeyuka na kutanuka, inasukuma mlango, maji yanaanza kupita kwenye rejeta kupozwa. Sasa kwenye injini nyingi za Toyota, ikiwemo hii ya kwangu, kile kidude kina kazi ya pili ambayo watu hawaijui, kinapofungua njia ya rejeta kinaziba ile njia ya mkato ambayo maji yalikuwa yanazungukia mwanzo. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, kwahiyo sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta kabisa. Kwenye tambarare na mzigo mdogo huoni shida, mshale unakaa chini na unasifia fundi. Siku ya mlima na abiria saba ndo unalipa. Na vitabu vya ufundi vya Toyota wenyewe vinasema hivyo hivyo, hata kama injini inapandisha joto usitoe themostati kwa sababu upoaji unapungua. Sasa kama mtengenezaji kakataza sisi tumepata wapi ruhusa?

Nilinunua mpya. Kabla ya kuifunga yule kijana aliitia kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, tukachuchumaa wote tunaiangalia, maji yakaanza kutoa mvuke, hayajachemka bado, kidude kikafunguka taratibu kama kinapumua. Akaitoa, ikajifunga. Kipimo chenyewe ni hicho, sufuria na jiko, hakuna gereji Tanzania inayoshindwa.

Na chanzo chenyewe cha ule mshale kupanda kule Kimara hakikuwa themostati, ilikuwa rejeta imeziba. Alipoikata juu vijitundu vingi havipitishi maji, vimejaa ukoko wa chumvi na kutu, alikwangua akanipa mkononi. Maana yake yule fundi wa kwanza alikuta mgonjwa ana homa akamnyang'anya kipima joto, halafu akamnywesha tena yale yale maji yaliyomuumiza.

Hapo naingia kwenye kulanti, ile dawa ya rangi ya kuchanganya na maji ya rejeta, maana kuna uongo mwingine kwamba kulanti ni ya Wazungu wenye barafu. Sio kweli jamani. Kweli inazuia maji kuganda, ila kwetu sisi faida zake ni nyingine: ina dawa inayozuia kutu ndani ya injini na rejeta, inalinda wota pampu inayosukuma maji, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Maji matupu hapa Dar usawa wa bahari yanachemka digrii 100, lakini ukipanda Iringa au Mbeya, mita zaidi ya 1,500, maji ya kwenye sufuria ya wazi yanachemka kwenye digrii kama 95 tu. Yani unavyopanda mlima ndivyo unavyozidi kukisogelea kiwango cha kuchemka, wakati huo huo ndo injini inafanya kazi ngumu kuliko zote. Kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, na kifuniko cha rejeta kikiwa kizima, kiwango kinapanda kinapita digrii 120. Narudia kifuniko kikiwa kizima, kwa sababu kile sio kifuniko cha chupa, kile ni kama mfuniko wa presha kuka ya maharage, kina springi na mpira na kimeandikwa juu kinabana presha kiasi gani. Changu mpira ulikuwa umepasuka na bei yake haifiki hata robo ya nilichomlipa mtu wa kunivuta.

Maji ya kuchanganyia tumieni yale yanayouzwa kwa kuongezea betri, siyo asidi, yale maji. Au nunua kulanti iliyochanganywa tayari. Ukikwama njiani weka hata maji ya kunywa ya chupa ufike, ila ukifika yamwage. Rangi isikudanganye, nyekundu ya kampuni hii siyo nyekundu ya kampuni ile, usichanganye. Na isimwagwe uani, ni sumu na ina utamu, mtoto au mbwa akiilamba ni hatari.

Mengine nayapitia haraka. Wenye Vitz na Passo wengi hamna mshale, mna taa tu, ya bluu ni injini ya baridi na nyekundu ni hatari, ikiwaka nyekundu usiseme nafika nyumbani mita mia mbili, egesha hapo hapo. Feni ya rejeta kuungwa dairekti ni ugonjwa ule ule wa kutoa themostati, sensa inayoiwasha imekufa, badala ya kununua sensa wanaunga waya. Na ukiona joto linapanda huna pa kusimama, zima AC, fungua vioo, washa hita ya moto mpaka mwisho na feni yake. Utateseka ila hita ni rejeta ndogo, inavuta joto kutoka kwenye injini na kulileta kwako. AC uizime kwa sababu kondensa yake, yaani rejeta ya AC, kwenye gari nyingi imekaa mbele ya rejeta, joto lote inalolitoa ndani inalimwaga usoni kwa rejeta.

Kwenye AC nako kuna wizi, sina neno jingine. IST ya mke wangu ilijazwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja na kila mara tuliambiwa "gesi imeisha muda wake". Mhariri, gesi ya AC haiishi muda. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, kompresa inaibana, kondensa inaipoza inakuwa kimiminika, inapenya kwenye kitundu chembamba inatanuka na kuwa ya baridi kwenye evapureta nyuma ya dashibodi, inarudi tena kwenye kompresa. Hailiwi kama petroli. Ikipungua sana maana yake kuna mahali inatoka, na anayejaza bila kutafuta tundu anajua utarudi. Fundi wa nne, yupo Tabata, aliweka rangi maalumu kwenye mfumo, tukaambiwa tuendeshe siku mbili, usiku akamulika na tochi ya zambarau, kwenye kona ya chini ya kondensa pakawaka kijani kama mdudu. Kajiwe ka barabarani kalikuwa kamegonga. Akabadilisha kondensa, akaweka pampu ya kuvuta hewa na unyevu wote zaidi ya nusu saa, ndo akajaza gesi kwa mizani. Kwa mizani, siyo kwa kuweka kiganja kwenye tundu la AC na kusema "inatosha". Gari ndogo nyingi zinachukua kama gramu 400 hadi 500 na kuna stika chini ya boneti imeandika kiasi, ikizidi inaumiza kompresa, na ikipungua nayo inaumiza, kwa sababu oili ya kompresa inasafiri na gesi hiyo hiyo.

Na ile gesi mara tatu ilikwenda wapi? Angani. Gesi hiyo inaitwa R134a, tuliletewa badala ya ile ya zamani iliyotoboa ozoni, lile tabaka la angani linalotukinga na jua, iliyopigwa marufuku kwa mkataba wa Montreal wa 1987, lakini kilo moja yake inapasha dunia joto sawa na kilo zaidi ya 1,400 za hewa ya ukaa, ndio maana mwaka 2016 nchi zilikutana hapo Kigali kukubaliana kuzipunguza gesi za namna hii. Tunalalamika Dar imezidi joto halafu kila wiki gereji zinapuliza hii kitu hewani.

Maji yanayodondoka chini ya gari upande wa abiria AC ikiwa imewashwa hayo ni mema, ni unyevu wa hewa, msiyatengeneze. Ubaya ni yasipodondoka na kapeti likalowa. Harufu ya soksi tafuta filta nyuma ya kidroo cha dashibodi, ya kwetu ilikuwa na majani makavu ambayo sidhani yaliota Tanzania.

Ombi langu ni dogo. VETA wanafundisha ufundi wa magari na wa majokofu, naomba wafungue mafunzo mafupi ya jioni kwa mafundi wa mitaani ambao hawawezi kuacha gereji miaka miwili, wengi wana mikono mizuri sana ila wamerithi makosa kwa waliowafundisha. Na wewe Mhariri, kurasa za michezo mnatupa nne kila siku, tupeni hata nusu ukurasa kwa wiki ya mambo ya magari, iandikwe na fundi anayeyajua. Mimi nikiweza nitamleta yule kijana wa Iringa, namba yake ninayo.

Msomaji wako,
Mbezi Luis, Dar es Salaam